Kaka Alivyotufundisha Bunge la Visiwani

Kaka yangu alirudi kutoka visiwa vya Pasifiki na mkufu wa makombe ya bahari shingoni, na akapanda nao mpaka milimani kwa mama. Nadhani hasira yangu ilianzia hapo, kabla hajafungua mdomo. Mtu mzima, mwakilishi wa wadi, anashuka kwenye gari mbele ya zizi la ng'ombe akiwa amepambwa kama bibi harusi.

Alikuwa ameenda na wenzake wa bunge la kaunti kujifunza. Ndivyo wanavyosema, kujifunza. Mimi nauza mboga sokoni Voi, kabichi na hoho za mama na za majirani zake, na nikitaka kujua jambo namwendea anayelijua nikamwuliza. Wao hupanda ndege.

Sasa, alipokuwa huko, muswada wa chemchemi ulifika bungeni. Chemchemi yetu iko juu ya shamba la mama. Toka enzi za babu maji yake yanapita kwenye mifereji ya kuchimba kwa jembe, kila boma na siku yake ya kufungulia, na mtu akiiba siku ya mwenzake anasemwa mpaka kaburini. Muswada ulitaka maji yote yatiwe bomba yateremshwe bondeni. Sikatai watu wa chini wapate maji. Mimi naishi Voi, najua kulala na ndoo tupu. Lakini haukubakisha hata tone la kunyweshea matuta, na hakuna aliyepanda mlima kutuuliza. Ulisomwa, ukasomwa tena, ukapita, na kiti cha kaka kikiwa kitupu. Mama alizisikia habari kwenye redio, akikamua.

Majirani walijaa sebuleni kumpokea. Hakuna aliyetaja chemchemi, kwa adabu ya mgeni aliyetoka mbali, na yeye akaichukua adabu hiyo akaikalia. Akaanza kutufundisha. Alisema kule visiwani zamani alikuwapo mtawala mmoja wa Kiingereza, na washauri aliowachagua mwenyewe, watu wa kuitikia ndiyo bwana. Baadaye likaja baraza, wachache wakapigiwa kura na wengi bado wakiteuliwa. Kisha waliochaguliwa wakawa wengi, na walipopata uhuru wakajenga bunge lao wenyewe, wakalipa jina la ile nyumba ya mikutano ambamo vijiji vyao vimekuwa vikikaa mikekani kusikilizana tangu kale. Wabunge wenyewe, alisema, hawazidi darasa moja la shule zetu.

Nakiri alisimulia vizuri. Hata mimi nilisahau kununa kidogo. Halafu akafika kwenye sehemu iliyomfurahisha kuliko zote, akasimama kabisa ili aiseme. Kule, alisema, muswada ukishasomwa mara ya kwanza haupiti hivi hivi. Unalazwa mpaka kikao kingine, na katikati hapo kila mjumbe anarudi kisiwani kwake, hata kama ni siku kadhaa melini, akakae na watu wake awaulize.

Mama alikuwa akimenya viazi. Kisu kikasimama.

"Na asiyekwenda kuwauliza?"

"Watu wake wanaweza kumwondoa, mama," kaka akajibu, huku akicheka.

Alicheka peke yake. Sijui kama ni ujinga au ni kiburi, na mpaka leo nikikumbuka kicheko kile damu inanichemka. Mimi ndiye niliyevunja ile adabu. Nilimwuliza mbele ya majirani chemchemi ilipigiwa kura lini na yeye alikuwa wapi. Akasema taratibu zote zilifuatwa. Akasema kura yake moja isingebadilisha kitu. Mzee wa shamba la chini, ambaye siku yake ya maji ni moja tu, alichukua kofia yake akatoka bila kuaga. Wengine wakamfuata, na chai ikapoa vikombeni.

Mama alirudia viazi vyake bila kumtazama, na hilo ndilo lililomtisha kaka. Kwetu hasira ya mzazi ikikaa moyoni haimwachi mtoto salama. Mambo yake hukwama, hata mwili wake huugua. Kwa hiyo mzazi aliyekasirika hutia maji kinywani, akayatema kwa kuyarusha nje, akatamka kwamba moyo wake umekuwa mweupe. Ndiko kutasa. Kaka hukaa benchi la mbele kanisani, na majukwaani huwaambia watu waache mambo ya kale, lakini uchaguzi ulikuwa unakaribia. Alikwenda jikoni mwenyewe, akachota maji mtungini, akaleta kikombe kwa mikono miwili.

"Mama, naomba utase. Nisiondoke hivi."

Mama akafuta mikono kwa leso, akapokea kikombe, akatoka nacho mpaka mlangoni. Kaka akainamisha kichwa. Nilimwona mama akijaza kinywa, nikasema moyoni, basi, amemsamehe, kama alivyomsamehe tangu tukiwa watoto. Nilimkasirikia hata yeye.

Mama akayameza.

Aliyameza polepole, koo likionekana, akamrudishia kikombe.

"Huko ulikokwenda hawasomi mara ya pili mpaka wawaulize watu," alisema. "Haya, mwanangu. Mimi nimesoma mara ya kwanza. Nenda kwa wenye mashamba, nyumba kwa nyumba, ukawaulize. Ukirudi uniletee maji mengine."

Kaka akaitazama njia inayopanda kwa majirani. Ilikuwa imelowa ukungu, na viatu vyake vilikuwa vipya. Akasema ana mkutano Voi, atarudi Jumamosi. Gari likateremka.

Jumamosi nyingi zimepita. Chemchemi imezungushiwa ua wa waya, mifereji imeota nyasi, na kabichi ninazouza siku hizi nazinunua kwa watu nisiowajua. Wiki iliyopita kaka alinipigia simu, sauti ya upole, akauliza kama mama bado ana hasira.

Nikamwambia apande mlima akamwulize mwenyewe.