Mtaa Niliouandika kwa Penseli

Nilikuwa nimechoka kuhama. Nalisema hilo kwanza ili msomaji asidhani nilikuwa mwanamke wa kufuatafuata mambo ya watu. Katika miaka minne ya ndoa tulikuwa tumekaa Longonot, Naivasha, Gilgil na sasa Nakuru, kwa sababu mume wangu alikuwa mtu wa reli, kazi yake kubadilisha njia za treni kwa vile vyuma vya kuvuta kwa mkono. Wakubwa wa reli wakitaka chuma kivutwe mahali pengine wanakuambia leo, unaondoka kesho. Kila mara mimi ndiye niliyefunga vyombo. Yeye alibeba taa yake na kofia, basi.

Nakuru tulipewa chumba katika landi za reli, zile safu za vyumba vya wafanyakazi, au niseme nusu ya chumba. Nusu nyingine ilikuwa ya mfanyakazi mwenzake na mkewe, na katikati palining'inia blanketi la kijivu. Usiombe kusikiliza ndoa ya mtu mwingine kupitia blanketi. Nilijua wanakula nini na wanagombania nini, na wao bila shaka walijua yetu vilevile, ingawa mume wangu alisema sauti iliyovuka zaidi ilikuwa yangu.

Tena nilikuwa na mimba ya miezi saba. Mtoto wetu wa kwanza nilimzaa Longonot, kwenye nyumba tatu za reli zilizosimama katika upepo na vumbi. Wanaume walikuwa kazini, na mwanamke wa pekee aliyekuwa jirani yangu alikuwa amekwenda kwao. Nilijizalisha mwenyewe. Mtoto aliishi siku mbili. Tangu hapo sikutaka kitu kingine duniani ila mlango wangu na mwanamke wa kumwita. Nyumba ikivuja nitaweka sufuria, nilimwambia mume wangu, lakini sizai tena peke yangu.

Ndipo tukasikia habari za mtaa wa chini. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikiwakamata Wakikuyu kwa kuwashuku kuwa wanasaidia waasi wa msituni. Upande wa kuelekea ziwani kulikuwa na mtaa wa zamani, nyumba za udongo zilizoezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Wakubwa wa mji walikuwa wakiuvunja safu kwa safu na kujenga nyumba za mawe, zenye dirisha la kioo na jiko lake kwa nyuma, za wafanyakazi wenye ndoa. Kodi ya nyumba hizo ilikuwa juu ya uwezo wa wale waliokuwa wakikaa pale. Wao walisogezwa nyuma, kwenye safu za udongo zilizobaki, wangoje zamu yao ya kuvunjiwa. Sisi, tukijibana, tungeweza kulipa.

Karani wa nyumba alimpa mume wangu mpaka Jumamosi aseme ndiyo au hapana. Landi nzima ikageuka washauri. Mmoja alisema mtaa ule ni wa wezi. Mwingine alisema Wakikuyu ni wengi mno huko, na siku hizi ukikaa karibu nao utalala nao ndani ya seng'enge ya kizuizini. Mwanamke wa ng'ambo ya blanketi, ambaye hakuna aliyemuuliza, alisema kwa sauti kuwa nyumba za mawe ni baridi na zinaua watoto. Nilitamani kulikunja lile blanketi nimzibe nalo mdomo.

"Wewe umesoma," mume wangu aliniambia. "Nenda uangalie, uandike, halafu tuamue kama watu wenye akili."

Mume wangu alipenda maandishi. Kule reli hata taa ikivunjika kioo iliandikwa, nani aliiona, saa ngapi, na yeye aliamini kuwa jambo lisiloandikwa ni porojo. Mimi nami, nakiri, nilipenda mwandiko wangu. Masista wa misheni walinifundisha kuandika herufi zilizolala upande mmoja, na tangu niolewe sikuwa nimepata cha kuandika ila barua mbili kwa mama yangu.

Mama mkwe wangu alikuwa na njia yake ya kupima ugeni. Akifika mahali papya alichukua kigae cha chungu akaenda kwa jirani kuomba moto, makaa mawili matatu ya kuwashia jiko. Hakuuliza neno. Aliangalia tu moto unatolewa vipi, kwa mkono gani, na kama mwenyewe anakuambia keti kwanza. Kwetu watu wote walifanya hivyo. Mimi niliona ni ushamba. Nikachukua karatasi ya mistari na penseli, nikavaa gauni langu la kanisani na viatu, nikaenda kuukagua mtaa.

Nilikwenda siku tatu mfululizo, asubuhi. Niliuliza kama mtu anayejaza fomu. Nyumba hii mko wangapi? Mnafanya kazi wapi? Askari huja mara ngapi? Nani anapika pombe? Kuna watu wanaotoka usiku? Na kila jibu niliandika palepale mlangoni, mbele ya macho ya mwenye nyumba, nikilamba ncha ya penseli.

Sijawahi kupokewa vizuri namna ile. Waliniletea kigoda. Waliniletea chai yenye sukari ya kutosha watu watatu. Mzee mmoja fundi viatu alisimama muda wote nilipokuwa nikimuuliza, kofia mkononi, akisema, "Hapa hakuna shida, mama. Watu ya hapa ni wapole. Hata kelele hakuna." Mke wake akaitikia kila neno. Nilipouliza habari za mtu wa mlango unaofuata, walinisifia huyo pia. Mtaa mzima ulikuwa unakubaliana, nami nikaona ni amani.

Katika safu ya mwisho nyuma kabisa kulikuwa na nyumba ya mlango wa bati jekundu. Alikaa hapo mama mmoja mtu mzima, ambaye watu waliniambia ndiye mzalishaji wa mtaa. Hilo nililipigia mstari mara mbili, ndilo nililokuwa nikilitafuta. Yeye hakuniletea kigoda. Alijibu maneno machache, akiendelea kumenya viazi, na nyuma yake chumbani niliona vijana wawili, mmoja amelala. Niliandika, nikamshukuru, nikaenda zangu nikiwa na furaha.

Mume wangu aliisoma ile karatasi mara mbili. Alisema nimefanya kazi safi, akaikunja akaitia katika mfuko wa koti lake la kazi ili aendelee kufikiri. Ilikaa humo siku mbili. Siku ya Jumamosi akamwambia karani ndiyo.

Kabla hatujahama, asubuhi moja, magari ya serikali yaliteremka mtaa wa chini. Kutoka landi tuliyaona yakipita. Wanaume wa mtaa ule walichuchumalishwa kwenye uwanja, na mbele yao akasimama mtu aliyefunikwa gunia mwili mzima, matundu mawili tu ya macho, asijulikane ni nani. Yeye aliwatazama mmoja mmoja. Akitikisa kichwa upande kwa upande mtu aliachwa, akikiinamisha alipandishwa gari. Ilipofika saa sita magari yaliondoka yamejaa. Haya nilihadithiwa, sikuyaona, ila kila aliyehadithia alihadithia vilevile.

"Basi," mume wangu alisema jioni, akivua viatu, "angalau sasa pamesafishwa." Ningekuwa mwongo nikisema neno lile lilinichoma siku hiyo. Nilikuwa nikifunga vyombo kwa mara ya tano, mgongo unaniuma, nami nilifikiri habari ya kigoda na chai.

Tulihama. Nyumba ilikuwa nzuri, hilo silikatai. Sakafu ya saruji, mlango wenye kufuli, ukuta usiopitisha hata kikohozi. Asubuhi ya kwanza nilichukua kifuniko cha sufuria nikaenda kwa fundi viatu kuomba moto, sasa nikiwa mwenyeji. Mke wake alifungua mlango kiasi cha uso.

"Wetu umezima," alisema.

Moshi ulikuwa unatoka juu ya kichwa chake. Nilikwenda mlango wa pili, nao umezima. Wa tatu hawakufungua. Nilirudi nikanunua kiberiti. Kwenye mfereji wa maji wanawake walinyamaza nilipofika, wakanipisha mbele, kila siku wakanipisha mbele, mpaka nikachukia kuwa wa kwanza. Nilifikiri ni kwa sababu mimi si wa kabila lao. Baadaye nikafikiri ni wivu wa nyumba ya mawe. Hilo la pili lilikuwa na haki yake, maana jiko langu lilijengwa pale pale palipokuwa chumba cha mtu. Ila nilikasirika. Nilimwambia mume wangu kuwa watu hawa ni wanafiki, walinichekea ili tuje, sasa wananikaushia.

Wiki sita zilipita hivyo. Mume wangu alipelekwa Longonot kushikilia nafasi ya mgonjwa kwa siku chache, na siku ya pili, nikifua nguo baada ya chai ya asubuhi, uchungu ukanishika. Niliacha nguo kwenye karai. Nilibisha kwa fundi viatu, nikasikia vigoda vikisogezwa ndani, mlango haukufunguka. Nilibisha kwingine na kwingine. Nilikuwa nimezungukwa na wanawake pande zote, nikaona naelekea kuzaa peke yangu tena, na woga nilioupata hapo sijaupata tangu siku hiyo. Nikashika ukuta, nikaenda mdogomdogo mpaka mlango wa bati jekundu.

Mzalishaji alikuwa nje anachagua maharagwe kwenye ungo.

"Mama, siku yangu imefika," nilisema.

"Naona." Aliweka ungo chini, akanishika kwapani, akanirudisha nyumbani kwangu. Akafunga mlango. Nilipokwisha kujilaza alisimama katikati ya chumba, mikono imekunjwa kifuani.

"Ile karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani, mama?"

"Ile uliandika sisi."

Nilimwonyesha kwa kidole. Ilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa, mume wangu alikuwa amenirudishia. Aliitoa, akaitazama pande zote mbili, akanipa. "Mimi sijui kusoma. Nisomee. Yote."

Basi nikasoma, nikikatizwa na uchungu na kuanza tena. Nyumba ya kwanza, fundi viatu na mke, watu wapole. Mfereji mmoja, foleni fupi. Nyumba ya tatu, watoto watano, safi. Nyumba ya nne, inasemekana pombe. Yeye alisikiliza kama anayesikiliza hukumu. Nilianza kuyasikia maneno yangu kwa masikio yake, na jasho lililonitoka halikuwa la uchungu peke yake. Nilitaka kuruka, lakini macho yake yalikuwa juu ya kidole changu.

"Safu ya mwisho," nilisoma. "Mlango wa bati jekundu. Mama mtu mzima, mzalishaji. Vijana wawili. Hawaendi kazini. Mmoja anakohoa."

"Soma tena hiyo."

Nikasoma tena.

"Yule anakohoa ni mtoto yangu ya mwisho," alisema. "Alikuwa haendi kazi sababu ya kifua. Hata kusimama kwa uwanja walimshikilia, halafu wakabeba yeye na ndugu yake."

"Mama, mimi nilikuwa natafuta nyumba tu. Nilitaka kujua kama hapa ni salama."

"Na sisi tulitaka kujua." Akaigusa karatasi kwa kidole. "Nani mwingine alisoma?"

"Mume wangu."

"Na yeye alisomea nani?"

"Hakuna mtu."

"Ulikuwa na yeye huko kazini?"

Uchungu ulinijia kwa nguvu, au niliuacha unijie. Aliichukua karatasi mkononi mwangu akaiweka mezani, akaomba sabuni, akanawa mpaka viwikoni. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunishika kwa uangalifu namna ile. Aliniambia nisukume lini na nipumue lini. Mtoto alitoka akiwa kimya na yeye akampulizia, akamgeuza, akamsugua mgongo mpaka akalia. Alikuwa msichana. Alimwosha, akamvika, akanilaza vizuri, akamalizia hata zile nguo nilizoziacha kwenye karai. Nilimwambia akae anywe chai. Alisema ana maharagwe nje.

Tulikaa mtaa ule miaka mingi kuliko mahali pengine popote. Hatukuibiwa hata kijiko. Wanawake wa mfereji walianza kusema nami polepole, baada ya yeye kusema nami, na safu za udongo zilipovunjwa zote yeye alikodi chumba cha nyuma kwa mtu, hapohapo. Alinizalisha watoto watatu wengine. Yule kijana wake mkubwa alirudi kutoka kizuizini baada ya mwaka na kitu. Aliyekuwa akikohoa hakurudi. Kila alipokuja kwangu na kunawa mikono nilingoja aniulize tena lile swali, na nilitamani aniulize, lakini hakuniuliza.

Mimi ndiye niliyeuliza. Mume wangu aliporudi kutoka Longonot, kabla sijampa mtoto ambebe, nilimuuliza ile karatasi ilikuwa wapi siku zile mbili. Akasema mfukoni. Nikamuuliza koti lilikuwa wapi. Akasema koti kazini huangikwa ukutani na makoti ya watu wengine, nijue hivyo, lakini yeye hakumwonyesha mtu, hakumsomea mtu, hakuitaja. Aliapa. Aliapa tena kila nilipouliza, mpaka uzeeni, mpaka sauti ikamwisha. Siku nyingi nilimwamini, si zote.