Malaria ya Wavulana wa Bweni

Siku yangu ya kwanza kazini, pale chuoni Mbinga, nilikabidhiwa funguo na daftari la ruhusa. Nilikuwa wadeni, yaani mlezi wa bweni la wavulana. Mshauri wa Wanafunzi, mama mkali ajabu, akaniambia, "Mzee, bomba likipasuka mwite fundi. Kijana akinyamaza, niite mimi." Nikacheka kimoyomoyo. Kunyamaza nako ni ugonjwa?

Msichana akifiwa tulimpa ruhusa ya wiki nzima. Mvulana siku tatu, azike arudi. Kanuni hiyo haikuandikwa popote, ndivyo tulivyolelewa.

Basi Ndunguru, wa mwaka wa pili, akafiwa na mama yake kule Lipingo, ziwani. Siku ya tatu akarudi, akaniamkia, akasaini.

"Poleni na msiba, mwanangu."

"Tumeshapoa, Mzee. Wajomba walinikataza kulia, wadogo zangu wa kike wasije wakakata tamaa."

Nikampigapiga begani. "Safi sana! Ndio uanaume huo." Mungu anisamehe.

Wiki ile alicheka bwenini kuliko wote. Alhamisi mchana mwenzake wa chumba akanijia mbio: "Mzee, Ndunguru kajifungia tangu asubuhi. Haitiki!"

Jamani, niliogopa. Nimewahi kupigwa na mawimbi ya Nyasa ndani ya mtumbwi, sikuogopa vile. Niligonga, nikaita, kimya. Nikaingiza ufunguo wa akiba. Nikasita kuuzungusha, maana nikishafungua nitaona.

Nilimkuta sakafuni, mzima, ameuma blanketi ili sauti isitoke nje. "Usiwaambie wenzangu," akasema. Nikafunga mlango, nikaketi naye chini, nikamkumbatia. Akalia mpaka shati langu likalowa.

Nikamwita Mshauri. Alikaa na kijana saa nzima, kisha akaniuliza, "Daftarini utaandika nini?" Nikaandika: malaria, apumzike siku tano. Akasoma, akanitazama, akasaini. Tangu hapo hatukuulizana tena.

Ndunguru alimaliza, sasa ni mwalimu kule Kihagara, ziwani. Mimi nimestaafu, napalilia kahawa yangu. Ninyi mnaoshika funguo zile leo mtakuta madaftari yangu yamejaa malaria, mtadhani bweni lilijengwa bwawani. Hao wenye malaria hawaninyimi usingizi. Wanaonitisha ni wale wa kabla ya Ndunguru, niliowapigapiga begani nikawasifu, wakasaini, wakaenda zao wakicheka. Wale sijui hata kama wako hai.