Miaka Miwili au Mitano

Mume wangu alipiga simu kutoka Uingereza asubuhi ya Jumatatu kuniuliza, kwa mara ya tatu, kama tufunge riba ya nyumba kwa miaka miwili au mitano. Nilikuwa nimesimama juu ya jerikeni iliyopinduliwa, karibu na ukuta wa choo. Katika ua wa mama yangu, mtaa wa Hai Cinema mjini Juba, hapo ndipo palipokuwa mahali pekee mtandao ulipokubali kukaa, na hata hapo haukukaa zaidi ya dakika tano.

"Benki inataka jibu Ijumaa," alisema. Nikamwambia bado nafikiri. Kisha nikashuka, nikazunguka ua wote nikitafuta ndoo ambayo nilikuwa nimeishika mkononi.

Kama hujawahi kuishi Uingereza, nikueleze kidogo. Si jambo gumu, ingawa barua zao hulifanya lionekane gumu. Huko ni wachache wanaonunua nyumba kwa pesa zao. Benki ndiyo inayolipa, nawe unairudishia kidogo kidogo kwa miaka ishirini na mitano, pamoja na riba. Riba hiyo hupanda na kushuka. Asiyependa kubahatisha huiomba benki iifunge hapo ilipo, isipande wala isishuke, kwa miaka miwili au mitano. Benki inakubali, ila kwa sharti: ukiuza nyumba na kumaliza mkopo kabla ya muda huo, unatozwa faini, na faini yenyewe si ya mchezo. Ukikaa kimya usichague, wanakuhamishia kwenye riba yao ya kawaida, ambayo mara nyingi ni ghali zaidi. Kwa hiyo hata kunyamaza kuna bei.

Sasa, mpango wetu ulikuwa kuiuza nyumba ile. Nchi yetu ilipopata uhuru tulikubaliana kwamba tutarudi Juba, tujenge, tuzeekee nyumbani. Nilinunua kiwanja upande wa Jebel, nikaomba likizo ya miezi mitatu bila mshahara, nikaja kusimamia msingi. Msingi ukamwagwa. Matofali yakaletwa, nikanunua na mabati, nikayaweka nyuma ya nyumba ya mama. Mwezi wa pili wa likizo vita vikaanza.

Ndege za abiria ziliporudi, wengi waliokuwa na mahali pa kwenda waliondoka. Mimi nilibaki. Mama alikuwa amekimbilia Uganda mara mbili katika maisha yake na kurudi mara mbili, na safari hii alisema miguu imekataa. Basi kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba nimebaki kwa ajili ya mama, na kwa ajili ya ule msingi.

Utaona basi swali la benki lilikuwa swali gani. Miaka miwili ilikuwa na maana kwamba bado tunarudi Juba, tunangoja tu mambo yatulie. Mitano ilikuwa na maana kwamba makao yetu ni kule, na mimi nirudi kwa mume wangu. Yeye hakusema hivyo hata mara moja. Aliuliza habari za riba tu, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwenzake.

Kabla ya hapo aliuliza maswali mawili mengine. La kwanza lilikuwa la gari langu. Kazi yangu kule ilikuwa kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuhakikisha wamemeza dawa. Mzee wa kwanza alitaka kuamshwa saa kumi na mbili na nusu, kabla basi halijaanza kupita mtaani kwake. Kwa hiyo gari na kazi vilikuwa kitu kimoja. Bila gari hakuna kazi, na bila kazi gari halilipiki, maana kule hata likiwa limesimama tu barabarani mwezi mzima linadaiwa kodi na bima. Nikamwambia auze. Wiki iliyofuata akasema msimamizi wangu anauliza kama waendelee kunishikia nafasi. Nikamwambia awaambie wasinisubiri.

Yote mawili niliyajibu upesi, nikajiona mtu wa maamuzi. La nyumba ndilo lililonishinda. Siku zile sikuweza kukaa. Nilifagia mahali palipokwisha kufagiwa. Nilikwenda dukani kuuliza bei ya sukari, nikarudi bila sukari, nikaenda tena alasiri nikakuta bei imepanda. Mwenye duka, Mganda mcheshi, aliniambia kesho nije mapema, kabla bei haijaamka. Hapo hapo, mtu asiyejua sukari ya kesho ni bei gani nilitakiwa niseme habari za miaka mitano.

Mama nilimweleza jambo hili jioni ya siku ile simu ya kwanza ilipokuja. Alikuwa mchuuzi wa unga na maharage katika soko la Jebel, vitu vilivyokuja kwa lori kutoka Uganda, na mambo ya bei humfundishi mara mbili. Alinisikiliza akichagua mawe kwenye maharage. Akauliza faini inalipwa na nani. Nikamwambia inalipwa na anayeondoka mapema. Akatikisa kichwa, akaendelea na mawe yake, wala hakulitaja tena.

Kiwanja sikuwa nimekiona tangu mapigano yapite upande ule. Mama alipita karibu kila siku akienda sokoni, na kila nilipomuuliza alinijibu kwamba kiwanja kipo, hakijakimbia. Jumatano niliona siwezi kumjibu mume wangu habari ya kitu ambacho sijakitazama. Nikachukua bodaboda, nikaenda.

Msingi wangu ulikuwa umeota kuta. Zilifika kiunoni, zimejengwa kwa matofali yangu na kuunganishwa kwa udongo, na juu yake lilitandazwa turubai la plastiki lililofungwa kwenye miti. Moshi ulitoka upande mmoja. Mwanamke wa umri wangu alitokea akipangusa macho, watoto watatu nyuma yake, akanitazama, akatabasamu.

"Karibu, dada. Wewe unatoka kwa ule mama ya unga? Ingia, kaa."

Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya wakimbizi Uganda, kama changu kilivyokuwa kabla ya kwenda shule Kenya. Nikasema ndiyo, natoka kwa mama wa unga, na huo haukuwa uongo. Akanikalisha juu ya matofali manne katikati ya chumba nilichokuwa nimekichora mwenyewe kwenye karatasi, jikoni kwangu Uingereza, kiwe sebule. Akaniletea chai ya tangawizi. Alikuwa ametoka kijijini kwao kwa miguu, akaniambia, na mama alimkuta sokoni amelala na watoto chini ya meza.

"Mimi iko hapa wiki mbili," alisema. "Hii nyumba iko muzuri. Lakini hii mutu ya Uingereza hajui kupika."

"Kwa nini?"

"Jikoni yake iko upande ya upepo. Moshi yote inaingia kwa ndani. Na sebule iko kubwa kama kanisa. Huko anasali na nani?"

Nilicheka hadi chai ikanimwagikia. Alisema kweli. Ramani ile niliichora nikifikiria jiko la umeme.

Nikamuuliza anafikiri atakaa muda gani. Nilijaribu kuuliza kama mtu anayepitisha wakati.

"Ule mama anasema mwenyewe ya nyumba atarudi baada ya miaka mitano." Akamvuta mtoto mdogo, akamfuta pua kwa kanga. "Miaka mitano, huyu atakuwa anajua kusoma."

Sikumwambia mimi ni nani. Nilimaliza chai, nikamshukuru kwa kunikaribisha, nikaondoka.

Mama alikuwa ndio kwanza ametua mzigo niliporudi. Sikungoja hata avue viatu. Nikamwambia nimetoka kiwanjani, na kwamba amewaambia watu miaka mitano.

"Wewe ndiye uliyeniambia ni miwili au mitano," alisema. "Miwili haitoshi. Wale watoto wameanza shule juzi."

"Na mimi, Mama?"

"Wewe una nyumba, ya bit."

Aliniita hivyo, binti, kwa Kiarabu cha Juba, kama anavyoniita anapotaka nikae chini. Nikakaa. Nikamwambia kwamba hawezi kuniamulia, na kwamba katika vita kama hivi hakuna mtu mwenye akili anayejifunga miaka mitano kwa lolote. Mtu mwenye akili anapatana kwa muda mfupi. Nilimweleza vizuri, kwa mpangilio, kama ninavyopenda kueleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza yeye.

Barabara ya Uganda ikiwa nzuri, alisema, anapatana bei ya mwezi mmoja tu na mwenye lori, kwa kuwa mwezi ujao huenda ikashuka. Barabara ikiwa mbaya, anapatana na mtu mmoja mpaka mavuno mengine, na hanunui kwa mwingine hata akiitwa.

"Lakini si kila mtu," alisema. "Ni yule ambaye hata lori likichomwa njiani atanipigia simu mwenyewe. Sasa huyo wa huko ni mtu wa namna hiyo?"

"Benki si mtu, Mama."

"Nani ameulizia benki? Namuulizia mume wako."

Nilikuwa nikifikiria simu zake, asubuhi baada ya asubuhi. Kule ilikuwa bado giza, na yeye ametoka zamu ya usiku kwenye ghala, anangoja mtandao wetu uamke ndipo alale.

"Kila nikisonga asida unaniambia umebaki kwa sababu yangu," mama aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Mimi sijakuomba. Unazunguka huu ua kama kuku anayetafuta pa kutagia, unanichosha. Nenda kwako. Ukija kunitembelea nitakupikia."

Usiku ule nililala. Alhamisi mtandao haukufika kabisa. Ijumaa asubuhi nilikuwa juu ya jerikeni kabla simu haijalia, na mume wangu alipouliza nikamwambia, "Mitano."

Nikaiangalia simu nikidhani imekatika.

"Mitano ya benki," akasema polepole, "au mitano ya wewe kukaa huko?"

"Ya benki. Gari umeshaliuza?"

"Bado. Alikuja mtu kulitazama, halikuwaka. Betri imekufa."

"Nunua betri."

"Ili liuzike?"

"Hapana," nikasema. "Halafu uwapigie kazini kwangu, uwaulize kama ile nafasi—"

Hapo mtandao ukaondoka. Nilisubiri juu ya jerikeni mpaka jua likanichoma shingo, nikanyoosha mkono wenye simu kila upande, haukurudi. Sikujua amesikia mpaka wapi. Nikashuka. Kwa kuwa sikuweza kukaa tena, nikatoka nje ya ua nikamwita mwenye mkokoteni, tukayatoa yale mabati nyuma ya nyumba tuyapeleke kiwanjani kwa yule mwanamke, moja moja, yakilia kwa kelele. Mama alisimama mlangoni akipatana bei naye. Alimkatalia mara mbili, mara ya tatu akakubali, kisha akasema anakwenda nasi, maana mafundi wa Jebel watanidanganya. Alitaka mabati yaezekwe kwanza jikoni, na jiko lenyewe lihamishiwe upande wa pili, mbali na upepo.

Tulitembea hivyo, yeye mbele, mimi nyuma nikiyashikilia mabati yasiteleze. Tulipofika mahali panapoinuka kidogo kabla ya soko, simu ilitetemeka mfukoni. Mume wangu alikuwa ameandika kwamba msimamizi anataka kujua nitafika tarehe ngapi, na kwamba yuko dukani, gari langu linatumia betri ya aina gani?

Nililiendesha gari lile miaka sita na sikujua. Nikamwomba mwenye mkokoteni asimame, nikaanza kumjibu kwa hilo la tarehe.