Fungu la Waya na Minde wa Milimani Kwetu

Nilijua. Naanza na hilo ili asitokee wa kunitetea kwamba ilikuwa biashara tu.

Mimi ndiye dada mkubwa. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikawalea wadogo zangu wawili kwa kuuza spea kuukuu za pikipiki hapa Kariakoo. Waya za klachi na breki zilizochoka nazichukua kwa mafundi, nazikunja, nazifunga mafungu kwa vitambaa. Mdogo wangu wa kiume alikuwa akitoka shule anakaa juu ya ndoo, ananisaidia kufunga. Fundo nilimfundisha mimi, la kurudisha ncha ndani ili waya isichome mtu.

Kulikuwa na mteja anayebeba mafungu yote. Siku moja nikamwuliza, "Kaka, una pikipiki ngapi wewe?"

Akacheka. "Pikipiki gani, dada yangu? Hizi za mboga. Huko milimani kwenu mboga inatembea yenyewe."

Nikacheka naye. Nimezaliwa huko, mtego wa waya naujua. Nikamfungashia.

Mdogo wangu akasoma, akapata kazi ya kulinda msitu huko huko kwetu. Akawa ananipigia kunisimulia habari za minde, mnyama wa jamii ya paa. "Dada, ni kama kondoo mnene mweusi, ana kishungi chekundu kichwani. Duniani yupo Tanzania tu, na msitu wenyewe unazidi kumegwa mashamba." Kulikuwa na jike mmoja ambaye mdogo wangu alikuwa akimfuatilia kwa nyayo, hajawahi hata kumwona.

"Ukimwona, mpe salamu zangu," nilimwambia.

Kesho yake mteja akaja, nikamfungashia kama kawaida.

Mwezi uliopita mdogo wangu alitokea mezani kwangu bila taarifa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Kaa nikuagizie chakula."

Hakukaa. Akatoa fungu la waya kwenye begi. Yeye na walinzi wenzake walilikuta kichakani, karibu na mtego uliomnasa yule jike. Chuchu zilikuwa na maziwa. Mtoto hawakumpata.

"Waya ni waya," nikasema. "Kariakoo nzima wanauza."

"Fundo hili halifungwi Kariakoo nzima. Nimelifunga utoto wangu wote." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Dada, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanikalisha pale nikusaidie."

Akaondoka. Fungu akaliacha mezani.

Siku hizi habari zake nazipata kwa mdogo wetu wa kike, aliyeolewa mbali. Nikimpigia huyo wa kiume, simu inaita mpaka inakata. Nilimwandikia kumwomba msamaha, ujumbe ameusoma. Jioni napika wali mwingi kwa mazoea, nakula peke yangu, uliobaki naupasha asubuhi.

Yule mteja alirudi. Nikamwambia sina. Akacheka, akahamia meza ya jirani, akapata. Waya zangu sasa nazikata vipande vifupi visivyoweza kunasa hata panya, ndipo nawapa wa vyuma chakavu. Hilo sijamwambia mdogo wangu. Litasikika kama najisafisha.

Ndugu yangu unayeuza chochote, ukishaambiwa kinakwenda kufanya nini, umeshaambiwa. Usicheke kama nilivyocheka. Na kama kuna mtoto anakusaidia kufunga mizigo, mwambie anafunga nini.