Ploti Niliyoiposa Matisi

"Huyo ajenge mjini? Hata banda la kuku litamshinda." Ndivyo walivyosema kwetu, karibu na Chwele, niliporudi kutoka Kampala na diploma yangu ya ujenzi. Niliwacheka. Nilikuwa nimeuona Matisi, mtaa wa Kitale: wafanyabiashara waliofika kwa malori kutoka mpakani Suam walikosa pa kulala. Vyumba vya kupangisha vingejaa kabla rangi haijakauka. Nilikosa ploti tu.

Nikawaita jamaa. Nikasimama mbele yao nimevaa suti, nikanena kama msomi: "Nisaidieni nipate mahari."

Nilidhani nimesema mahali. Ulimi wetu wa Bungoma huzichanganya l na r, na diploma haikuwa imeunyoosha.

Shangazi yangu mjane alipiga vigelegele. "Hatimaye! Mtamba wangu ni wako. Utanirudishia ukiweza." Hakuwa na ng'ombe mwingine. Wajomba wakafuata na mbuzi na ndume. Nikajiambia, wameiona akili yangu. Niliwauza wanyama wote sokoni Chwele, nikanunua ploti, nikajenga, na nikapiga lipu laini kuliko mtu yeyote Matisi.

Vyumba vilipokamilika niliwaalika waone. Walishuka kwenye pikapu wamevaa vitenge, shangazi amekumbatia blanketi jipya. Akafungua mlango mmoja baada ya mwingine.

"Bibi arusi yuko wapi?"

"Bibi arusi gani?"

"Si uliomba mahari?"

"Mahari, shangazi! Mahari pa kujenga!" Hata hapo ulimi ulinisaliti.

Mpangaji wangu wa kwanza, mchuuzi wa vitunguu, aliangua kicheko. "Ati landilodi ameoa ploti, bana!"

Shangazi hakucheka. Aliketi kizingitini, blanketi magotini. "Nimeshawatangazia kanisani," akasema kwa sauti ndogo. Nilitazama zile kuta nilizojivunia, nikatamani zinifunike.

Kodi ilipoanza kuingia, niliwarudishia wote, mnyama kwa mnyama. Shangazi nilimweka wa mwisho kwa sababu nilimwogopa. Nilimpelekea mtamba mwenye mimba, mkubwa kuliko wake. Njia nzima nilikuwa nikifanya mazoezi ya neno lile.

"Shangazi, ma-ha-li nilipata. Asante."

Alimfunga mtamba nguzoni, akampapasa masikio. Deni la mwisho likawa limekwisha.

"Vizuri, mwanangu," akasema. "Blanketi la bibi arusi bado nimeliweka."

Niliinama, nikajifanya nakaza kamba.