Chumba cha Mgeni

Juzi, katika gesti moja ya Bukene, fundi aliosha kiyoyozi kabla ya msimu wa joto. Vumbi lililolowa lilinikumbusha harufu ya udongo wa kukandikia, nyumbani Tabora.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, mama alikuwa akikandika upya chumba chake ili kisishike joto. Shangazi, dada yake baba, alisimama mlangoni akiamuru.

"Wifi, kandika vizuri. Mgeni hapendi joto."

"Kama hapendi joto, akalale kisimani."

Nilicheka. Kwetu mgeni maana yake ilikuwa wali, basi nikaukanyaga udongo kwa nguvu zote, nikiimba. Mama hakucheka. Sasa najua sababu.

Jioni baba alimleta mke mpya. Mke huyo alikisifu chumba cha mama kwa ubaridi wake. Mimi na mama tulilala jikoni, kando ya mafiga ambayo bado yalikuwa ya moto.