Wavu wa Mzee Bwawa

Mzee Bwawa hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata alipostaafu udereva wa katapila na kurudi nyumbani na wazo ambalo mkewe aliliita wazimu mtupu: kuziba bonde lake mwenyewe. Maisha yake yote alikuwa akiwachimbia watu mabwawa, sasa akaona zamu yake imefika. Akakodi katapila, akasukuma udongo, akaushindilia tabaka kwa tabaka mpaka ukasimama ukuta wa maana. Pembeni mwa ukuta akachimba mfereji mpana wa kutolea maji ya ziada. Mpita njia aliyeuliza mfereji mkubwa namna ile ni wa nini alijuta kuuliza, maana alipewa somo zima. "Maji yakianza kupita juu ya ukuta wa udongo, yanaubeba," mzee alikuwa akisema. "Yana mfereji wake, yapite huko."

Alijiamini kiasi kwamba bintiye wa mwisho alipotafuta pa kujenga, alimpa kiwanja kule chini ya bwawa, penye udongo mweusi. Mama mtu alinung'unika. Mzee akajipiga kifua: "Shida gani itampata huko chini na mimi niko huku juu?" Binti akajenga, akazaa mapacha, na kila asubuhi babu aliona moshi wa jiko lao akiwa amesimama ukutani.

Kilichomponza ni samaki. Alipandikiza perege, akawalisha pumba kwa mkono wake, wakamzoea hata akikohoa tu wanajaa ukingoni. Mkewe akawaita wake wenza. Halafu msimu mmoja wa mvua maji yalijaa, perege wakatoka kwa ule mfereji, na majirani wa bondeni wakala wakashiba. Mzee aliugua moyo kabisa. Alipopata nafuu alinunua wavu wa waya wenye matundu madogo, akaukaza kwenye nguzo za chuma, ukaziba mfereji kutoka ukingo huu hadi ule.

"Si wewe uliyesema humo lisiwekwe hata jiwe?" mkewe aliuliza.

"Wavu una matundu, mama watoto. Maji yatapita, samaki watabaki."

Kusema kweli, alijua. Mtu aliyefanya kazi ile miaka yote hawezi kusema hakujua. Lakini mapenzi yana upofu wake, hata yakiwa ya perege.

Mwaka huu mvua ilianza alfajiri ikagoma kukata. Mchana mzee alivaa koti la mvua, akapanda ukutani, akatazama mferejini. Mito midogo yote ya juu ilikuwa imeshusha nyasi, mabua na matawi, na vyote vilikuwa vimejibandika kwenye wavu kama godoro. Mfereji ulikuwa unatoa maji ya kunawia mikono tu. Bwawa lilikuwa limejaa hadi mdomoni, na pale ng'ombe walipozoea kuvukia, ukuta ulipobonyea kidogo, maji membamba yalikuwa yameanza kupita juu.

Alimpigia simu binti. Haikupatikana. Akamwita mkewe kwa sauti ambayo mama yule hakuwahi kuisikia.

"Kimbia kwa mtoto! Mwambie atoke!"

Mama alishuka mbio, kanga imelowa chapachapa, lakini kijito cha bondeni kilikuwa kimefurika na kivuko hakionekani. Alisimama ng'ambo akipiga kelele. Mlango wa binti ulikuwa umefungwa, na mvua juu ya bati ilikuwa inameza kila kitu.

Huku juu, mzee alikuwa na koleo la kukatia waya mfukoni. Alichoshika ni reki. Aliingia mferejini, akavuta nyasi, akatupa, akavuta, akatupa. Alipofungua tundu huku, kule paliziba. Aliona migongo ya perege ikigonga wavu kwa ndani, akasema moyoni, bado kidogo, bado kidogo. Akavuta tena. Alipogeuka kutazama ukuta, maji yaliyopita juu yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ulikuwa udongo wa ukuta wenyewe.

Chini kule aliona mkewe, mdogo, akirusha mikono mbele ya nyumba isiyomsikia.

Hapo mzee alitupa reki. Alikata waya wa kwanza, wa pili, akaendelea kukata huku akilia kwa sauti, mpaka wavu uliobaki ukashindwa kuvumilia ukang'oka na nguzo yake. Maji yalimchukua, yakamburuza, yakamtupa kwenye kichaka na mkono umechanika. Mfereji ukanguruma. Perege wote wakapita naye. Alitambaa hadi ukutani, akalala kifudifudi pale pa kuvukia ng'ombe, akatazama yale maji ya juu yakipungua, yakawa uzi, yakakata.

Mvua iliponyamaza na kijito kushuka, binti alipanda kwao, pacha mmoja mgongoni, mwingine ameshikwa mkono, beseni la samaki kichwani. Alikuwa anacheka.

"Baba! Samaki wako wamekuja kunitembelea, mpaka kwenye mahindi wamejaa! Na huo wavu nimeukuta kwangu. Kama huutaki nipe, nizungushie kuku."

Mzee alikuwa amekaa kizingitini, mkewe akimfunga mkono kitambaa. Mama hakuinua macho. Mzee angeweza kunyamaza, mambo yakaishia kwenye kitoweo.

"Nilianza na reki," mzee akasema.

"Reki gani?"

"Maji yalikuwa yanapita juu ya ukuta. Koleo nilikuwa nalo mfukoni. Lakini sikutaka samaki watoke, mwanangu, ndiyo maana nilianza na reki."

Binti alitua beseni chini polepole. Alitazama ukuta, pale palipolika, kisha bati la nyumba yake lililong'aa kule bondeni.

"Watoto walikuwa wamelala, baba," akasema. "Nilikuwa nimewafungia mlango wasitoke kwenye mvua."

Hakuna aliyewapaa wale samaki. Binti aliwavua watoto nguo zilizolowa pale kivukoni, akawaingiza kitandani kwa bibi yao, na siku ile hakurudi chini.